Panya wa Chumba cha Chini

Vyeti vyake vilikuwa na jina lake kamili, ila maabarani aliitwa Bi Mbiu, na hata mlinzi wa getini hakumjua kwa jina lingine. Alikuwa mtaalamu wa kinga ya mwili, na jina hilo alilipata kwa somo lake la kwanza kwa kila kundi jipya la wanafunzi. Aliwaambia kwamba panapoumia mahali mwilini, chembe za hapo hutoa kemokini, vijiprotini vinavyosambaa na kuziita chembe nyeupe za damu zije kupigana. Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, alikuwa akisema. Chembe nyeupe zikifika, mahali pale huwa pekundu, pakapata joto, pakauma. Huo ndio mchochota, na ukiisha vizuri mtu hupona. Balaa ni pale saratani inapojifunza kupiga mbiu hiyohiyo. Askari wanakuja mbio, na badala ya kumkamata mwizi wanamjengea nyumba na kumletea chakula.

Kwa miaka thelathini alikula na kulala na jambo hilo. Alilianza akiwa msichana mwembamba ndani ya koti jeupe la kuazima, chini ya Profesa, mtu aliyemtoa kwenye kuosha vyupa akamkalisha mbele ya hadubini. Wote wawili waligundua kwamba panya wenye saratani ya utumbo, wakipewa dawa ya kuinyamazisha ile mbiu, uvimbe wao hukoma kukua. Si panya mmoja wala wawili. Wanane katika kila kumi. Makala ile iliwapa jina. Profesa akastaafu kwa heshima zote, Bi Mbiu akarithi maabara, na hatimaye dawa yao ikafika wodini, ambako wagonjwa arobaini na mmoja walikubali kuijaribu. Mumewe alikuwa ameshaondoka zamani. Alisema amechoka kuwa mume mwenza na panya, na watu wakacheka, naye Bi Mbiu akacheka pamoja nao.

Mambo yalianza kwenda mrama na jengo jipya. Miaka yote hiyo panya walifugwa katika chumba cha chini ya ardhi, chenye dari ya kuinamia na kuta zinazotoa jasho. Sasa chuo kikajenga nyumba ya panya ya kisasa: hewa inachujwa, vizimba vinaoshwa kwa mashine, na hakanyagi mtu humo kabla ya kuoga. Panya wa zamani wakauawa wote, wakaletwa wapya, safi kama pamba. Bi Mbiu akampa mwanafunzi wake wa udaktari, binti mpole aliyeandika kila kitu kwa penseli, kazi ya kurudia lile jaribio la zamani, kama kujizoeza mkono tu.

Binti akarudi na majibu yasiyomezeka. Panya waliopewa dawa na wasiopewa walikuwa sawa. Uvimbe ulikua kote kote. Bi Mbiu akamwambia arudie, akarudia. Mara ya tatu majibu yakawa yaleyale, na binti akayasoma kwenye kikao cha Ijumaa, mbele ya wenzake wote, kwa sauti iliyokuwa ikididimia.

"Mikono kama yako ikafue nguo," Bi Mbiu akasema. "Sayansi haiitaki."

Binti akakunja karatasi zake taratibu, na wiki iliyofuata barua yake ya kuacha masomo ilikuwa mezani. Bi Mbiu aliisaini bila kuisoma hadi mwisho.

Kazi akaishika mwenyewe. Vidole havikuwa na wepesi wa zamani na miwani ilikuwa imeongezeka unene, lakini sindano alizijua kama mpishi anavyojua mwiko. Wiki kumi na moja aliingia nyumba ya panya kila asubuhi. Wiki ya kumi na mbili akawapasua mmoja mmoja, akahesabu vivimbe vya utumbo wao chini ya taa. Alihesabu mara mbili, na mara zote mbili jibu lilikuwa lile la yule binti. Kisha akakaa kwenye kiti cha plastiki, glavu bado mikononi, akatulia kiasi kwamba taa zile zinazojizima zenyewe pasipo mtu anayesogea zikajizima.

Aliyeziwasha kwa kuingia ni mtunza panya, mzee waliyemwita Maranda, kwa sababu nguo zake hazikukosa hata siku moja vumbi la mbao wanalotandikia vizimba. Alikuwa amebakiza miezi miwili astaafu. Aliinama juu ya sinia, akayatazama yale matumbo kama mtu anayechagua nyanya.

"Hawa ni wazima," akasema. "Wale wa chini walikuwa wanaharisha."

Bi Mbiu akamwuliza ilikuwa lini. Mzee Maranda akashangaa swali; ilikuwa siku zote. Kule chini kulikuwa na mdudu aliyekaa tumboni mwa panya, hawaui, anawasumbua tu, wakinyonya wanampata kwa mama zao na wanakufa naye. Yeye alimwambia Profesa, tena si mara moja, na hata kinyesi alimpelekea kwenye kichupa kikapimwe. Profesa akasema ni kitu kidogo, asiwatie watu wasiwasi. Basi naye akanyamaza. Mtunza panya ni nani hata abishane na Profesa?

Bi Mbiu hakuhitaji kuelezwa zaidi. Panya wa chini walikuwa na mchochota utumboni tangu wangali wachanga. Mbiu iliyolia mle ilikuwa ya yule mdudu, na saratani ilikuwa imeidandia tu. Dawa ilipoinyamazisha, uvimbe ukakosa kuni za kuuchochea. Kwa panya asiye na mdudu, hapakuwa na moto wa kuzima. Walichokiona walikiona kweli, hawakukitunga. Ila walikuwa wamewatibu panya wagonjwa wa chumba kimoja, wakauambia ulimwengu kwamba wameishika saratani pabaya.

Jumamosi akaenda kwa Profesa. Binti mkubwa wa mzee huyo, aliyeacha kazi ili amwuguze, alimfungulia mlango, akamwita dada, akamsogezea kiti. Profesa alikaa kando ya dirisha, blanketi magotini, miguu imemvimba kwa ugonjwa wa moyo. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, kisha akamwomba binti yake awapishe.

"Huyo mdudu nilimjua," akasema. "Sikujua kwamba ndiye kila kitu. Nilitaka kupima. Makala ikakubaliwa, nikaona nitapima baadaye. Baadaye nikaogopa."

Njia nzima Bi Mbiu alikuwa akiomba aambiwe kwamba Maranda amezeeka, anachanganya mambo.

"Mwanangu, mwaka siumalizi," Profesa akaendelea. "Subiri unizike, kisha useme yote. Unilaumu mimi peke yangu, sawa tu. Lakini nisiyasikie."

Kwa miaka thelathini mtu huyu hakuwa amemwomba kitu. Na kusubiri kulikuwa rahisi, ndiko kulikomtisha. Maranda anaondoka, yule mwanafunzi ameshaondoka, na kuna miezi mingapi kati ya leo na kaburi? Akawafikiria wale arobaini na mmoja, wanaomeza vidonge asubuhi na jioni, vidonge vinavyowapunguzia hata kinga kidogo waliyobaki nayo, na wengine kwa ajili ya vidonge hivyo wamekataa tiba nyingine.

"Mwalimu, kuna watu wanameza," akasema.

Profesa akageuzia uso dirishani. Kisha akasema, bila hasira, "Basi usije tena hapa."

Jumatatu Bi Mbiu alikiandikia chuo barua ya kueleza yote, na kabla ya wiki kwisha jaribio la wodini likasimamishwa. Aliomba awaambie wagonjwa mwenyewe. Mama mmoja alimshukuru, jambo lililomuuma kuliko matusi. Mwingine alivuta shuka usoni. Fundi cherehani mmoja, aliyekonda hadi saa ikawa inamzunguka mkononi, alimsikiliza huku akikunja ncha ya shuka kama anayepima pindo.

"Kwa hiyo hii ilikuwa dawa ya panya," akasema.

"Ndiyo, kaka. Tena panya wa aina moja tu. Nisamehe."

"Miezi saba nakula dawa ya panya, na sijafa."

Mgonjwa wa kitanda cha jirani akacheka mpaka akapaliwa. Fundi naye alitabasamu kidogo, kisha akauliza, sasa atapewa ipi? Bi Mbiu akamjibu kwamba daktari wa wodi atampangia. Fundi akamwangalia, akamwangalia, akaelewa kwamba hakuna cha kupangwa. Akamwomba amsogezee maji.

Profesa alifariki wiki sita baadaye. Bi Mbiu alikwenda mazikoni, akaketi safu ya mwisho. Binti mkubwa alipopita akishikana mikono na watu, alimruka kama kinavyorukwa kiti kitupu. Nyuma yake mtu alinong'ona kwamba huyo ndiye aliyemmaliza mzee. Alisikia, hakugeuka. Pengine hata yeye aliamini hivyo.

Kabla ya muhula kwisha alimtafuta yule mwanafunzi wake, akamkuta anafundisha baiolojia sekondari. Walisimama kwenye ukumbi, karibu na mlango wa chumba cha walimu. Akamwambia kwamba majibu yake yalikuwa sahihi mara zote tatu, na kwamba kwenye makala ya kusahihisha, jina lake ndilo litakalotangulia. Kisha akamwomba radhi kwa yale maneno ya Ijumaa, akiyataja yote, bila kuruka neno.

"Nimekusamehe, mama," binti akasema. "Lakini sirudi."

Akaaga kwa heshima, akaingia darasani, akafunga mlango. Bi Mbiu akarudi maabarani, ambako chuo kilikuwa kimemwachia chumba kimoja na friza moja, akaanza kubandua lebo za zamani kwenye vichupa.