Jina la Kwanza Kwenye Kiambatisho

Mimi ni mwoga. Naanza na hilo ili msomaji asije akanipa sifa nisizostahili huko mbele. Nilizaliwa mwoga Kibondo, nikaenda na woga wangu hadi chuo kikuu, na mwaka sabini na nne, nikiwa na miaka ishirini na sita na shahada moja ya uchumi wa kilimo, kitu nilichokiogopa kuliko vyote ni kurudi kwa mama yangu mikono mitupu.

Tulikuwa wanafunzi watatu wa shahada ya pili, na nafasi ya kwenda kusoma Uholanzi ilikuwa moja. Mwalimu wetu alitueleza bila kuzunguka. Kila mmoja angepelekwa wilaya tofauti kwa miezi minne, afanye kazi na mabwana shamba, akusanye takwimu, kisha asome ripoti yake kwenye semina mbele ya maofisa. Atakayewafungua macho maofisa ndiye angepanda ndege. Mimi nilipangiwa Kasulu kwa kuwa Kiha ni lugha yangu, na wenzangu walinuna kwamba nimependelewa.

Kazi yangu ilikuwa katika kijiji kipya cha Rusenga. Watu wake walikuwa wameteremshwa kutoka mlima Kivumbwe mwaka uliotangulia, katika operesheni ya vijiji, wakapangwa kando ya barabara nyumba kwa nyumba, mistari imenyooka. Amri ilikuwa fupi: huko juu harudi mtu. Migomba iliyobaki huko ilihesabiwa kuwa imekufa, na atakayeonekana anaihudumia, mgambo wangepanda kuikata yote. Mimi nilitakiwa kujibu swali dogo tu. Kaya moja inavuna nini, na inakula nini hadi mavuno mengine?

Wiki ya kwanza nilidanganywa vizuri sana. Kila nyumba niliyoingia na fomu yangu, jibu lilikuwa mahindi magunia mawili, maharage madebe mawili, basi. Kwa hesabu hiyo kijiji kizima kilipaswa kuwa kimeshazikwa tangu Februari, na huku naona watoto wana mashavu. Ndipo nikakumbuka mambo ya nyumbani. Bibi yangu alitulea akisema kwamba mtu mliyenyonya naye pombe kwa mrija mmoja humdanganyi, naye hakuchongei. Nikaweka kalamu mfukoni. Nikaenda jioni bila fomu, nikaketi na watu penye chungu cha pombe ya ndizi, na mrija uliponifikia nikaupokea kwa mikono miwili kama nilivyofundishwa.

Wa kwanza kunipa mrija alikuwa Mama Maximilla, mjane wa miaka kama hamsini na mitano aliyekuwa akilea wajukuu wanne. Alinyonya, akanipa, nikanyonya, nikamrudishia. Kisha akaniambia kila kitu. Mara mbili kwa wiki, kabla jua halijatoka, alipanda Kivumbwe kwenye migomba aliyopandiwa na mama mkwe wake, mashina sitini na mawili. Alipunguza machipukizi, akaondoa majani makavu, akayatandaza chini, akarudi na mkungu chini ya kuni. Bila ile migomba, alisema, wale wanne wasingefika Krismasi. Baada yake mrija ukazunguka, na mwishowe, pamoja naye, kaya thelathini na moja kati ya arobaini zikawa zimeniambia jambo hilohilo. Nilifurahi kupita kiasi. Nikirudi chumbani niliandika yote: jina, mahali, idadi ya mashina, kwa kuwa darasani tulifundishwa kwamba takwimu isiyo na jina haiwezi kukaguliwa. Nilijiona mjanja kuliko vitabu.

Alhamisi, siku moja kabla ya semina, nilikwenda kuchukua ripoti yangu kwa Mwanaamina, mpiga chapa. Baba yake alikuwa na duka la vitenge pale Kasulu, na yeye alikuwa na ulimi wa watu wa pwani.

"Msomi, vidole vyangu vimeota sugu kwa ajili yako," alisema. "Uliniambia nipige kila kitu, nimepiga kila kitu. Kurasa thelathini, na kile kiambatisho chako chenye majina ya watu. Nakala arobaini, na mashine imeishiwa wino."

"Kiambatisho?" nilisema.

"Kile cha migomba. Ndugu Nestori ameshachukua chake. Kakisoma hapa hapa amesimama."

Nestori alikuwa afisa wa operesheni aliyekuja kwa ajili ya semina. Sikumtafuta, alitokea mwenyewe mlangoni, karatasi mkononi, anatabasamu. Akanipiga bega.

"Ndugu Stanislaus, wewe ni kijana wa kutegemewa. Mwaka mzima tunawauliza hawa watu nani anarudi mlimani, wanatutazama tu. Wewe umetuletea majina, hadi hesabu ya mashina! Jumamosi mgambo wanapanda na mapanga. Tunaanza na huyu wa kwanza, Maximilla, tunashuka na orodha."

Ningeweza kusema neno. Badala yake nilisema, "Asante, Ndugu." Nilisema asante! Na mdomo wangu ulikuwa unamtabasamia. Haikuwa kosa la Mwanaamina. Ni mimi niliyempa fomu zote, ili maofisa waone wingi wa kazi yangu.

Niliazima baiskeli nikaenda Rusenga, maili kumi na mbili za vumbi. Njia nzima nilitapatapa na mawazo. Nikinyamaza, wajukuu wanne wa Maximilla watakosa chakula, na kaya nyingine thelathini pamoja nao. Nikisema, Uholanzi imekwenda na chuo pia, na mtu anayeonekana anapinga operesheni anaweza kupelekwa mahali pasipo na baiskeli ya kurudia.

Nilimkuta Maximilla nyuma ya nyumba anapepeta maharage. Nikamweleza yote, nimesimama, sithubutu kukaa. Ungo ukatulia mikononi mwake.

"Wataanza na nani?" aliuliza.

"Na wewe, mama."

"Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu ulikuwa wa kwanza kuniambia kweli."

Nilingoja anitukane, na laiti angenitukana.

"Yewe mwana wanje," alisema mwishowe kwa Kiha, yaani ewe mwanangu. "Na wakipanda wasikute kitu kwangu?"

"Wataona nimetunga. Wataona orodha yote ni uongo."

"Na wewe utasema umetunga?"

"Nitasema," nikajibu. Sikujiamini, lakini nilijibu.

"Basi rudi mjini, ukalale. Usiwaambie watu wengine, watakimbia huku na huku, waonekane." Akaendelea kupepeta.

Ijumaa ukumbi ulijaa. Mwalimu wangu alikuwa ameketi mbele na kalamu yake nyekundu, karibu na Nestori. Madirisha yalikuwa wazi, na huko mbali milima ilikuwa inatoa moshi. Wakati wa kiangazi nchi yetu ya Buha haikosi moto, hakuna aliyegeuka kuutazama. Nilisoma ukurasa wa kwanza hadi wa ishirini, sauti inatetemeka. Mwalimu aliitikia kwa kichwa, ameridhika, kila nilipotaja tarakimu. Nilipofika kwenye jedwali la chakula aliandika kitu pembeni, akanitazama kama mzazi. Jasho lilinishuka hadi kwenye soksi.

"Ndugu wajumbe," nilisema, "mwisho wa ripoti kuna kiambatisho cha migomba. Naomba mkiondoe. Nilikitunga."

Mtu mmoja alicheka, akidhani ni mzaha.

"Umekitunga vipi?" mwalimu aliuliza.

"Watu hawakutaka kunijibu. Nikajaza fomu mwenyewe chumbani. Majina ni ya kweli, migomba si ya kweli."

Kalamu nyekundu ilishuka mezani. Nestori hakukasirika, na hilo lilinitisha zaidi. Aliinuka taratibu akavaa kofia.

"Mtu anaweza kuongopa alipoandika," alisema, "na anaweza kuongopa sasa. Kivumbwe si mbali. Twende tukaone, sote watatu."

Ndani ya Landrova nilikaa nyuma, peke yangu. Nilijua tunakwenda kuona nini, kwa maana nilishapanda huko na kuyahesabu mashina yale kwa kidole changu. Yalikuwa ya kijani, chini pamefagiliwa, majani makavu yametandazwa vizuri na mkono wa mtu anayejua kazi. Mtoto mdogo angetambua kwamba shamba lile lina mwenyewe. Niliomba gari lipasuke gurudumu. Niliomba hata lianguke.

Tulipanda kwa miguu kipande cha mwisho. Harufu ilitufikia kwanza. Kisha tukatokea kwenye kiwanja cha zamani cha Maximilla, na hapakuwa na kijani chochote. Yale majani makavu yaliyotandazwa chini yalikuwa yamewaka yote, migomba imesinyaa na kuanguka, myeusi mitupu, moshi bado unafuka hapa na pale. Ukingoni nyasi zilikuwa zimekatwa mstari mpana ili moto usivuke kwenda kwa jirani. Nestori hakuuona mstari ule. Mimi niliuona.

"Moto wa kiangazi," alisema, akichokonoa jivu kwa ncha ya kiatu. "Pori tupu. Hakuna mtu anayelima hapa." Akanigeukia. "Kwa hiyo kweli ulitutungia. Na mimi nimeshawaita mgambo! Unajua ungenitia aibu kiasi gani?" Alichana nakala yake vipande vinne akavitupa jivuni, akashuka.

Mwalimu wangu alibaki nyuma kidogo. Alikuwa mtu wa Morogoro mjini, hakujua Kiha wala migomba.

"Wewe ndiye uliyekuwa unaongoza," aliniambia. "Nilishaandika barua ya Uholanzi." Hakusema lingine hadi tunaagana, na Jumatatu yake jina langu liliondolewa chuoni.

Lakini kabla ya hapo, Jumapili, nilikwenda Rusenga kumuaga Maximilla. Nilimkuta barazani, viganja vyake vimefungwa vitambaa, wajukuu wanakula uji mwepesi ambao ningeweza kuuhesabia punje. Nilifungua mdomo nimwombe radhi. Kabla sijapata neno, jirani yake Venanti aliingia uani amefura kwa hasira, na nyuma yake watu wengine watano, sita. Wote niliwajua. Wote walikuwa kwenye orodha yangu.

"Mwanamke mzembe!" Venanti alipaza sauti. "Unachezea moto mlimani wakati wa kiangazi! Moto ule ungevuka, tungekula nini sisi? Ungetuua sote kwa uzembe wako!"

Nilimtazama Maximilla. Alinitazama, akatikisa kichwa kidogo sana, mara moja. Nikaelewa kwamba hakuwaambia. Angewaambia kwa nini alichoma, wangeuliza ni nani aliyeandika majina yao.

"Moto ulinitoroka," alisema kwa upole. "Nilikuwa nasafisha, ukanitoroka. Mnisamehe, majirani."

"Mwambie wewe, msomi," Venanti akanigeukia. "Wewe umesoma mambo ya kilimo. Sisi hataki kutusikia."

Watu sita walikuwa wananingoja. Mapanga yao ya shamba yalikuwa mikononi, kwa kuwa walitoka shambani, si kwa sababu nyingine, lakini mimi sikuona kitu kingine uani pale.

"Mama," nilisema, na sauti ilitoka safi kabisa, "moto si kitu cha kuchezea. Siku nyingine uwe mwangalifu."

Maximilla aliinamisha kichwa.

"Nimesikia, mwana wanje," alisema.