Bei Usoni mwa Orpha

Willy hakuandika bei. Alisimama mbele ya ubao, chaki mkononi, akamtazama Orpha usoni kama mtu anayesubiri maji ya ugali yachemke.

"Andika basi, Willy," Orpha alisema. "Niko na retard, nachelewa."

Alikuwa amekwisha kufungua daftari na kuandika tarehe ya Jumatatu ile. Kwa miezi kumi na sita, kila asubuhi, alipita kwenye depo saba za barabara hiyo, nje kidogo ya Likasi, akinakili bei ya kobalti kama makarani walivyoiandika ubaoni: mawe mazuri bei hii, mawe hafifu bei ile. Wachimbaji na walanguzi walileta mifuko, depo zikapima, zikanunua, na malori yakabeba. Hakuna aliyehifadhi bei hizo. Kila alfajiri zilifutwa kwa kitambaa, na Orpha ndiye aliyeziokoa, kwa ajili ya tasnifu yake ya master kule Lubumbashi.

"Tunakungoja weye," Willy alisema bila haya hata kidogo. "Patron alisema, mbele ya kuandika bei, angalia kwanza uso ya ule mutoto ya Kazadi. Kama iko na furaha, bantu batabakisha mifuko yabo, hawatauzisha, donc tupandishe bei, bakuye. Kama iko na huzuni, bote batakuya mbio mbio. Tushushe."

"Tangu lini?"

"Tangu ulitoaka témoignage, ule ushuhuda, ku église. Miezi ine sasa. Na depo zingine ni vile vile, usifikiri ni sisi tu. Ile juma ulikuwaka na malaria, haukuona? Hakuna hata mufuko moja uliingia apa. Bantu balikuwa banauliza: Orpha iko wapi, Orpha iko wapi."

Orpha akajitahidi uso wake usiwe na furaha wala huzuni, jambo gumu kuliko mitihani yote aliyowahi kuifanya. Willy akamchungulia, akaguna, akaandika bei ya jana.

Orpha alikuwa akisomea mwenendo wa bei za mali. Swali la somo lake ni fupi, ingawa vitabu vyake ni vinene: je, kitu kinachojulikana leo kinaweza kutabiri faida ya kesho? Na kama kinaweza, je, faida hiyo ni malipo ya kubeba hatari ambayo wengine wameikimbia, au ni makosa ya watu tu? Wenzake darasani walipakua bei za hisa za Johannesburg na Paris, miaka thelathini kwa kubofya mara moja. Orpha, ambaye intaneti yake ilikata roho kila mitambo ya umeme ya Koni ilipokohoa, aliamua kupima soko lililokuwa mlangoni pake. Kwa mwaka mzima jibu lilikuwa sifuri. Bei ya leo haikujua lolote kuhusu bei ya kesho. Halafu, miezi minne ya mwisho, hesabu zikaanza kuzungumza. Profesa wake alifurahi mpaka akaomba vikao viwili vya simu kwa wiki. Kuna nafasi ya doctorat, shahada ya uzamivu, alisema, na mwenye kazi kama hii haikosi.

Sasa Orpha alijua ni nini kilichokuwa kikizungumza mle ndani.

Kisa chenyewe kilianzia kwenye ugali. Mwaka uliopita, baba yake, mzee Kazadi, aliyeachishwa kazi ya mgodi na kugeuka mlanguzi wa mifuko michache, alimuuliza mezani kama auze au angoje. Orpha alikuwa na tonge mdomoni na mtihani kesho yake. "Ungoje kidogo, papa," alisema, ili mzee anyamaze, yeye arudi kusoma. Baada ya majuma matatu bei ikapanda. Mzee Kazadi alikwenda mbio kwa mchungaji, na Jumapili moja Orpha akaitwa mbele kutoa ushuhuda. Alichukua kipaza sauti akasema wazi kwamba yeye hajui bei ya kesho, wala mtu yeyote haijui. Waumini wakapiga makofi. Unyenyekevu ulioje! Likasi hatuna shida na mtu aliyesoma; shida yetu ni mtu aliyesoma akasema hajui. Huyo tunaona anatuficha kitu.

Baba yake aliuza kiwanja cha marehemu mkewe, akanunua mifuko. Ilijaza sebule kwanza, kisha ukumbi, kisha ikaingia chumbani kwa Orpha na kupanda ukutani mpaka ikaziba dirisha. Alisoma kwa taa ya simu saa sita mchana, na vumbi la kijivu lilikaa juu ya kitanda, juu ya vitabu, hata ndani ya kikombe. Kila alipogeuka usiku, goti lake liligonga utajiri wa baba yake. Alichoka. Alitaka dirisha.

Siku ile ya Jumatatu, aliporudi kutoka depo, alikaa kitandani akaitoa ile miezi minne kwenye hesabu. Matokeo yaliyeyuka kama chumvi kwenye supu. Akairudisha, yakarudi. Akaitoa tena. Alipomaliza, alimpigia profesa.

"Nimekuwa sehemu ya soko, profesa. Bei za miezi ile ni mimi mwenyewe. Nilikuwa najipima mwenyewe."

"Orpha, défense, ule utetezi wa tasnifu, ni Alhamisi saa nane. Jury imekwisha kupata nakala. Ile miezi minne njo mémoire yako, tasnifu yote. Ukiitoa, utasimama pale useme nini?"

"Nitasema haitabiriki."

"Na doctorat?"

Profesa alikuwa muungwana wa kutosha kutolirudia swali. Alisema tu, "Bon. Ukuje basi, useme yenye utasema. Mais ukuje." Orpha alikata simu akiwa na woga, na chini ya woga kulikuwa na kitu kidogo kilichofanana na uhuru. Angesimama mbele ya watu watano waliosoma, aseme hajui, na safari hii wangemwelewa.

Kilichobaki ni kutoka nyumbani. Tangu Jumapili mzee Kazadi alikuwa ametamka neno moja na kulikalia: Orpha haendi Lubumbashi kabla hajataja siku ya kuuza. Angeweza kutaja siku yoyote. Ijumaa, kwa mfano. Alilifikiria hilo sana, tusimtakase bure. Lakini uongo wa ugali ulikuwa umeshazaa mifuko mia mbili na zaidi. Wa pili ungezaa nini?

Jumatano asubuhi alimkuta baba yake kibarazani akishona midomo ya mifuko kwa sindano ndefu na kamba ya katani.

"Papa, siku ya kuuzisha sijue. Sikujuaka hata siku moja."

"Mungu hapendi muntu mwenye kuficha zawadi yake," mzee alisema bila kuinua macho.

"Sifiche. Unisikilize, papa. Bei yenye Willy anaandika, ni uso wangu anaandika. Bananiangalia minye. Nikicheka, inapanda. Nikikasirika, inashuka. Nilipogonjwa, ikasimama. Sasa weye unaniuliza minye bei itaenda wapi, na bei yenyewe inaniuliza minye vile vile. Kule ndani hakuna kintu, papa. Hakuna."

Sindano ilisimama katikati ya gunia. Mzee Kazadi hakuwa mjinga; alikuwa amefanya kazi chini ya ardhi miaka ishirini na mbili, na anayefanya kazi chini ya ardhi hujifunza kusikia mwamba kabla haujashuka. Aliitazama mifuko iliyojaa mlangoni. Akamtazama binti yake.

"Hakuna kintu," alirudia polepole.

"Ndiyo, papa."

"Njo kusema, siku moja bantu bakijua, yote inaanguka."

Orpha alitaka kulia kwa faraja. Katika mwaka mzima huyu ndiye mtu wa kwanza wa Likasi aliyemwamini.

"Nani mwingine anajua?" mzee aliuliza.

"Profesa tu."

"Bon. Usiseme ku muntu." Alivuta uzi, akakaza fundo, na sauti yake ikawa ya mtu aliyerudi kazini. "Kesho utakaa apa pa véranda. Uvae muzuri, usome, uchekelee bantu. Minye nitatosha mifuko yote, niuzishe. Ukienda na valise ya safari, batasema Orpha anakimbia, na bei itakufa mbele hatujauzisha hata moja."

"Kesho ni défense yangu, papa."

"Défense batakuwekea siku ingine. Kiwanja ya mama yako, nani atanirudishia?"

Hakusema kwa ukali, na hilo ndilo lililomfunga. Angepiga kelele, Orpha angepata pa kushika. Lakini mzee aliinama akaendelea kushona, mabega yake yamekuwa madogo ndani ya shati, na Orpha akaona aibu, hasira na huruma vikimjia kwa pamoja, hata asijue aanze na kipi. Mtego wa panya hunasa waliokuwamo na wasiokuwamo. Yeye hata hakujua yuko kundi gani.

Alhamisi saa moja asubuhi alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki kibarazani, amevaa sketi nyeusi na blauzi nyeupe alizoshonesha kwa ajili ya jury, kompyuta magotini. Kwenye kioo cha kompyuta kulikuwa na ukurasa wake wa kwanza. Aliusoma bila kuusoma. Wapita njia walimsalimu, naye akatabasamu, na kila tabasamu lilimuuma shavuni. Ndani, baba yake alikuwa akisogeza mifuko. Lori la depo moja lilikuja likachukua arobaini. Wakaja vijana wawili wa mtaa wa nyuma, wakachukua kumi na miwili. Bei, alisikia mzee akisema kwa sauti ya mtu asiye na haraka, ni ile ya ubaoni, hata kidogo zaidi, maana mwenyewe si mnamwona pale ametulia?

Basi la Lubumbashi huondoka pale kona saa nne. Ikafika saa tatu na nusu. Orpha hakuangalia saa, aliisikia.

Ndipo Mama Estelle akavuka barabara, nyuma yake msukuma mkokoteni. Mama Estelle ni mjane wa nyumba ya mbele, muuza samaki wa kukausha wa ziwa Tshangalele. Mama yake Orpha alipofariki, yeye ndiye aliyemsuka nywele kila Jumamosi miaka mitatu, wala hakutaka ahsante.

"Jambo, Orpha."

"Jambo sana, mama."

"Papa yako ananiuzishia mifuko munane. Sikufiche, nilikuwa na woga. Mais tangu asubui nakuangalia ku dirisha: mutoto iko ametulia, iko anasoma, anachekelea bantu. Nikasema, ah, basi na roho yangu itulie."

"Makuta ya kulipa ni ya samaki, mama?"

"Ya samaki yote, mwana. Ya mwaka muzima."

Mzee Kazadi alitokea mlangoni, vumbi hadi kwenye nyusi. Alimtazama Mama Estelle, kisha akamtazama binti yake, na macho yake yaliomba. Kwa miaka yote Orpha alikuwa hajawahi kuombwa kitu na baba yake. Alikuwa ameamriwa, amesifiwa, amefokewa, lakini kuombwa, hapana.

Mama Estelle alishika fundo la kikwembe chake kiunoni, kile kitenge alimofungia pesa.

"Mama," Orpha alisema. "Usikamate ile mifuko."

Mama Estelle alicheka mpaka akashika ubavu. "Musikie ule! Anataka yote ibakie ku papa yake!"

"Kweli, mama. Nakuambia kweli. Sijue bei. Hakuna mwenye anajua."

"Njo vile ulisema ku église," Mama Estelle alisema kwa upendo, "na angalia vile Mungu alikubariki." Vidole vyake vikaanza tena kulegeza fundo.

Orpha alifunga kompyuta. Akasimama. Aliingia ndani akapita kati ya mifuko, akachukua sanduku lake lililokuwa limefungwa tangu Jumapili, akatoka nalo.

"Orpha," baba yake aliita. Jina tu, kwa sauti ya chini.

Kama angejibu, angebaki. Alilijua hilo kama anavyojua jina lake. Akashuka ngazi mbili za kibaraza, akaingia barabarani kwenye jua kali, sanduku likimgonga shavu la mguu. Mwanamke aliyekuwa akifagia uani kwake alisimamisha ufagio. Vijana wawili wa mtaa wa nyuma, waliokuwa bado wanafunga mifuko yao kumi na miwili kwenye baiskeli, waliacha kamba. Mtu mmoja akamwita mwingine kwa mluzi, na huyo naye akatoka nje kuangalia. Orpha aliendelea kutembea kuelekea kona, wala hakuifanya sura yake iwe hivi au vile. Alikuwa analia, na aliacha waone.

Mbele ya kona aligeuka mara moja tu. Baba yake alikuwa amekaa juu ya ngazi, mikono kati ya magoti. Na pale uani, kando ya mkokoteni mtupu, Mama Estelle alikuwa bado amesimama akimtazama, vidole ndani ya fundo, hafungui, hafungi.