Unga wa Specioza

Magoti ya Kabula yalikuwa yamesagika, na kwa miaka mitatu hakuweza kuchuchumaa. Kwa kuwa alikuwa pia na vidonda vya tumbo, daktari alimkataza kabisa vidonge vya diklofenaki. "Vitakutoboa tumbo, mama. Tumia panado na dawa ya kuchua." Siku hiyo Specioza, rafiki yake tangu wote wawili walipoolewa Sapiwi, alikuwa amekaa ubavuni pake akisikia kila neno.

Kwa hiyo Specioza alipomletea kopo la unga, akisema ni mizizi, Kabula hakuuliza mengi. Alikoroga kijiko kwenye uji asubuhi na jioni. Wiki haikuisha akawa anakamua ng'ombe mwenyewe. Pamba ilipopasuka alivuna bega kwa bega na binti yake, Salu, na kanisani akasimama kumshukuru Specioza mbele ya watu wote; wanawake wengine nao wakauomba unga ule.

Mwezi wa tatu wa kunywa unga ule akaanza kupata choo cheusi kama lami. Alinyamaza, hadi alipoanguka shambani. Salu akampeleka hospitali Bariadi na lile kopo mkononi.

Daktari alimwaga unga juu ya karatasi nyeupe. Ndani yake mlikuwa na vipande vidogo vya ganda la njano.

"Mizizi haina ganda hili. Hivi ni vidonge vilivyosagwa, na nadhani ni vilevile nilivyokukataza."

Kabula aliongezewa damu chupa mbili. Aliporudi nyumbani, Specioza alikuja na maziwa.

"Mwadila, Kabula."

Kabula hakuitikia salamu. "Ulisaga vidonge?"

Specioza akainamisha uso. "Nilikuona unatambaa kwenda chooni. Niliumia."

"Ulikuwepo daktari aliponikataza."

"Nilichanganya kidogo tu. Ningekuambia, ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo! Tumbo ni langu. Na wale uliowapa baada ya mimi kukusifia kanisani?"

Specioza akamsogezea maziwa.

"Beba maziwa yako, uende."

Maumivu yalirudi yote. Hata hivyo Kabula alishika fimbo akaenda nyumba hadi nyumba kwa wanawake waliokuwa wakinywa unga ule. Wa mwisho, mama yake Mayige, alilikumbatia kopo lake.

"Lakini linanisaidia, Kabula. Nalala usingizi."

"Najua," Kabula akasema, akaketi taratibu kwenye kigoda. "Hata mimi lilinisaidia." Akamsimulia kila kitu, hata choo cheusi alichokuwa amemficha binti yake, mpaka bibi yule akaliweka kopo chini.