Mnara wa Maboksi

Mkaguzi aliingia saa tatu na nusu, fomu mkononi, akatafuta kiti cha mtu mzima akakosa. Vilivyokuwepo vilikuwa vya watoto wa miaka minne. Akaamua kusimama, na hapo hapo Bibi Gundi akajua siku imeshaingia mdudu.

Jina hilo alipewa na watoto, maana vidole vyake havikosi gundi iliyokauka. Alikuwa na miaka ishirini na miwili katika chekechea ile, na sasa alikabidhiwa kumlea mwalimu mpya. Akamlea kweli. Kila alasiri, watoto wakishachukuliwa, wawili hao walikaa kwenye mkeka wakazungumza nani amelia, nani kamuuma mwenzake, na kwa nini. Miezi sita ya majaribio ilikuwa inaisha. Mwalimu mpya akipata chini ya nusu kwenye fomu ya leo, anafungasha virago.

Fomu yenyewe ilimpandisha Bibi Gundi hasira kila akiikumbuka. Maswali ishirini! Watoto wamekaa kwa mstari? Darasa limetulia? Mtu anakuja mara moja kwa mwaka, anakaa dakika arobaini, anaondoka, halafu eti huko ndiko kumwendeleza mwalimu. Kumwendeleza wapi?

Walimu wengine walishajua dawa yake: siku ya mkaguzi unafungia vitu kabatini, unawaimbisha watoto wimbo waliokaririshwa wiki nzima, unazoa alama zako. Bibi Gundi mwenyewe alifanya hivyo miaka nenda miaka rudi, na jana, kwa woga tu, alimshauri mwenzake vivyo hivyo.

"Waimbishe, mwanangu, yaishe."

"Na yule wa fundi cherehani nitamwambia nini, bibi? Ndiyo kwanza ameanza kujenga."

Binti wa fundi cherehani hakuwa amesema neno darasani tangu aandikishwe, miezi mitano. Nyumbani, mama yake aliapa, hanyamazi hata akila. Akivuka kizingiti cha shule, kimya. Bibi Gundi alisema asilazimishwe. Basi wiki saba mwalimu mpya alikaa naye sakafuni, akimpa maboksi matupu moja moja, bila kumuuliza kitu.

Leo mnara ulikuwa umemfika kidevuni. Mkaguzi akatazama saa, akapiga makofi.

"Haya, watoto! Rudisheni vitu, mkae kwa mstari!" Akainama, akalichukua boksi la juu.

"Bado!"

Sauti ilitoka kubwa, yenye mikwaruzo. Chumba kizima kikageuka. Mwalimu mpya akaziba mdomo kwa mikono miwili.

"Ameongea!" mtoto mmoja akapiga ukelele, na wenzake wakadakia, ameongea, ameongea, wakirukaruka mpaka vikombe vikaanguka kutoka rafuni. Bibi Gundi alilia bila kujificha.

Mkaguzi alilibana boksi kwapani, akaandika. Kisha akaiweka fomu mezani. Darasa lina kelele. Mtoto anajibizana na mkubwa. Mwalimu hawezi kudhibiti watoto. Alama nane kati ya ishirini.

"Bwana mkaguzi, mtoto huyu hajawahi kusema," Bibi Gundi alimwambia. "Hilo ndilo neno lake la kwanza humu ndani!"

"Hilo halimo kwenye fomu, mama. Mwalimu atie sahihi hapa, na wewe mlezi wake hapa chini. Nina shule nyingine mbili."

Mwalimu mpya akaishika kalamu. Machozi ya furaha yalikuwa hayajamkauka. Bibi Gundi alishatia sahihi fomu kama ile mwaka baada ya mwaka, akijiambia mnyonge hana haki. Leo alikinyoosha kiganja chake chenye gundi, akakibandika juu ya mahali pa sahihi.

"Bado," alisema.

"Bado nini?"

Kwa mguu akamsogezea kiti cha mtoto. "Keti. Utamtazama mpaka amalize mnara wake, kisha utaandika ulichokiona."

Mkaguzi aliutazama mlango, akakitazama kiganja. Mbele yake binti wa fundi cherehani alikuwa amesimama, mkono ameunyoosha, anangoja boksi lake.