Zombi Haonjeshwi Chumvi

Nauza vitabu barazani, karibu na soko la Jakmel, na kwenye zawadi sikosei. Niambie mtu anacheka vipi, nikupe kitabu chake. Odani aliponijia wiki ya Krismasi, hata hakukaa.

"Shoga, nipe kitu cha kumtisha mume wangu."

"Kwani wewe humtishi vya kutosha?"

Hakucheka. Nikajua mambo mazito. Mumewe Klevil, fundi wa vinyago vya kanivali, ndiye mpenzi mkubwa wa vitisho mtaani kwetu. Ikiwekwa filamu ya mizimu, anakaa mbele, anapiga mayowe, bisi zinaruka. Lakini presha ilipomwangusha Agosti na daktari akamkataza chumvi, alipoa. Anakula, anafanya kazi, anaitikia.

"Kila kitu ndiyo," Odani akasema. "Nimemwambia mama yangu anahamia kwetu. Ndiyo! Ketli, namtaka yule mgomvi wangu."

Nikachomoa kitabu chembamba, *Mtulivu*.

"Kina damu?"

"Hata tone. Hang'atwi mtu. Zombi mwenyewe ndiye anayesimulia, na hajijui. Anajiona ana bahati: kazi ipo, bosi mpole, sahani haikosekani. Anashangaa tu mbona chakula hakina ladha. Mpe mtu aliyeshiba mazombi ya kukimbizana, huyu atamkosesha usingizi."

Akakitia kwapani akaenda. Si yeye si mimi aliyefikiria chumvi, kitu ambacho kwetu zombi, mfu aliyefufuliwa na mchawi amtumikie, hunyimwa, maana akikionja huamka.

Siku ya mwaka mpya nyumba yangu ilijaa hadi ngazini, kila mtu na bakuli lake la supu ya maboga, supu ya Uhuru wetu. Klevil alikuja na kitabu mfukoni, kakisoma mara mbili. Supu yake nilimpikia mbali. Akaonja kijiko kimoja, akamtazama mkewe.

"Odani, hii haina chumvi."

"Haina."

"Na ya jana haikuwa nayo."

"Tangu Agosti, Klevil. Unajua."

"Na tangu Agosti nafanya kazi kama punda, sibishi neno."

Jirani yetu Fenelon akapasuka kicheko. "Masikini, kumbe kafugwa! Shemeji, ulimnunua kwa nani?"

"Msimpe chumvi," mwingine akadakia, "ataamka arudi kaburini kwake!"

Watu wakashika mbavu. Klevil hakucheka nao, akanyoosha mkono kwenye kibakuli cha chumvi. Kicheko kikakatika.

"Chembe moja tu," akamwambia mkewe. "Kama mimi ni mume wako kweli, nitaamka nikae hapahapa."

Odani ndiye aliyemwokota sakafuni Agosti. Akikataa mbele ya kadamnasi ile, mchawi ni yeye. Akikubali, hospitali inamngoja mumewe. Akasogeza kibakuli mbali, akavuta chupa yangu ya kachumbari ya kabichi na pilipili mbuzi.

"Ketli, hii ina chumvi?"

"Siki tupu. Nilimtengenezea yeye."

Akamwaga kijiko kizima ndani ya bakuli. "Kula, bwana wangu. Tuone utaelekea wapi."

Klevil akala. Masikio yakawa mekundu, machozi yakamtoka, akainuka kiti kikaanguka nyuma.

"We mwanamke, unataka kuniua?"

"Ndiyo," Odani akajibu.

"Usinijibu ndiyo! Na mama yako hahamii kwangu! Atanikalia juu ya vinyago vyangu, nasema hahamii!"

Nyumba ililipuka kwa vifijo. Odani alilaza kichwa mezani, mabega yakimtikisika, sikujua analia au anacheka.

"Rudia," akasema.

"Ha-ha-mii!"

"Atahamia kesho."

Wakaondoka wanagombana, tukawasikia mpaka kona ya tatu, chupa yangu ya kachumbari ikiwa kwapani mwa Klevil.

Siku hizi wapenzi wa vitisho wanakuja hata kutoka mitaa ya juu kutafuta zawadi, na nawapa kitabu kilekile bila kusita. Nauliza swali moja tu kwanza: huyo unayempelekea, anakula chumvi?