Dawa ya Mazuti ya Mama Florentine

Florentine alianza kuuza dawa ya mazuti mwaka ule ambao mume wake alirudishwa kutoka barabara ya Ituri akiwa amelazwa juu ya magunia ya mpunga, hatambui mtu.

Mume huyo, Cyprien, ni fundi wa pompi katika komini ya Kabondo, Kisangani. Pompi zake si za maji. Ni zile zinazosukuma mazuti, yaani dizeli, kwenye injini ya lori. Malori yanayofika kwake ni ya zamani, mengi yalichoka Ulaya kabla ya kuja kuchoka tena Kongo. Pompi ya lori kama hilo haina mafuta yake yenyewe: inalainishwa na mazuti yanayopita ndani yake. Mazuti yakiwa makavu, yaani hayana ulaini, au mtu akiyachanganya na mafuta ya taa, vyuma vinasagana kidogo kidogo, mpaka siku lori linazima. Na mara nyingi linazima msituni. Hapo mwenye lori anapiga simu, Cyprien anapanda pikipiki, anaifungua pompi kando ya barabara, anakuja nayo mjini kuitengeneza, kisha anarudi kuifunga. Katika safari moja ya namna hiyo alilala chini ya lori kwenye mvua, malaria ikamshika hukohuko.

Alipona. Alipoanza tu kula vizuri, akarudi barabara ileile kuifunga ile pompi.

Florentine hakumgombeza. Alimtafuta Assumani, dereva wa kutoka Maniema aliyekuwa akifika mpaka Butembo, akamuuliza madereva wa kule wanafanya nini ili pompi zao zisife. Safari iliyofuata Assumani alimletea katoni ya chupa ndogo. Dawa ile inamiminwa ndani ya tanki pamoja na mazuti, nayo inayarudishia mazuti ulaini. Florentine alizipanga chupa mezani pake, katikati ya kwanga za muhogo na sabuni, karibu na kizuizi ambapo malori husimama kabla ya kutoka mjini.

Mwanzoni Cyprien alicheka. Kisha wateja wakapungua. Meza yake ya kazi, iliyozoea kujaa pompi zilizofunguliwa, ilianza kubaki tupu, na mafundi wenzake wakawa wanamuuliza kama mke wake amempa talaka bila kumwambia. Ndipo alipoanza kuwaambia madereva kwamba dawa ile inakula mipira ya pompi. Hakuwa ameifungua hata pompi moja iliyoliwa na dawa. Alisema tu.

Maneno yalimfikia Florentine. Alirudi nyumbani mchana, akamkuta akila lituma ya ndizi na samaki.

"Papa Joëlle, unasema dawa yangu ni mubaya?" alisema, akimwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza.

"Unaniulia kazi, Mama Joëlle. Watoto watakula nini?"

"Kazi gani? Mimi nilitaka pompi zichoke polepole, zife hapa mjini, zisife kule pori. Zikifa hapa, utatengeneza, utalala kwako. Ile siku walikuleta, nilizani iko maiti."

Cyprien aliendelea kula. Baadaye alisema kwamba mke wake angepaswa kumwambia mapema. Florentine akajibu kwamba angalimwambia, angalikatazwa. Hilo lilikuwa kweli, na mazungumzo yakaishia hapo.

Msimu wa mvua ulipoanza, simu ilitoka njia ya Bafwasende. Alikuwa Jacques, mwenye lori kuukuu la kubeba ndizi. Lori lilikuwa limezima baada ya Bafwaboli, na ndizi zilikuwa zinaiva.

"Dawa ya Mama Florentine imeua pompi yangu," alisema. "Njoo, papa. Na huyo mama alipe."

Cyprien alifunga mfuko wake wa vyombo vya kazi. Florentine alisimama mlangoni, kitambaa kichwani, viatu vya mpira miguuni.

"Nami ninaenda."

"Utafanya nini huko?"

"Kama nimeua, nitaona maiti."

Walikodi pikipiki mbili. Barabara ilikuwa na matope mazito, na mara kadhaa walishuka kusukuma. Walipofika, wanawake wenye ndizi walikuwa wamekaa juu ya mzigo wakiwa wamekasirika, na Jacques alikuwa anatembea huku na huku. Hakumsalimu Florentine.

Cyprien hakuanza na pompi. Alianza na chujio la mazuti, kwa sababu ndilo lililo rahisi kufungua. Ndani yake kulikuwa na tope jeusi, zito kama pondu, mboga ya majani ya muhogo, iliyoungua. Aliangalia tope lile kwa muda. Alijua limetoka wapi: dawa ilikuwa imesafisha uchafu wa miaka mingi chini ya tanki, na uchafu wote ukaja kuziba hapo. Mazuti hayakuwa yanapita. Aliweka chujio jipya, akatoa hewa kwenye mabomba, akamwambia Jacques awashe. Mazuti yaliruka kwa nguvu kutoka kwenye pompi, dalili kwamba bado inasukuma. Alikaza mabomba. Mara ya pili injini ikawaka, ikatoa moshi mwingi, ikatulia.

Jacques alishuka, akamsubiri fundi. Cyprien angeweza kusema pompi imeguswa, iende mjini. Jacques angemwamini, na habari ingefika kwenye kizuizi kabla yao. Florentine hakumwangalia, aliangalia lile tope.

"Pompi iko muzima," Cyprien alisema. "Muzima kuliko siku niliyokufungia mwaka jana. Tanki yako ndiyo ilikuwa chafu."

"Lakini weye mwenyewe ulisema dawa ni mubaya!"

"Nilisema."

"Alors, basi ni nini?"

"Alors sasa nimefungua. Mbele ya leo nilikuwa sijafungua."

Jacques aligeuka kwa Florentine. "Na weye mama, juu ya nini hukusema tuoshe tanki?"

"Sikujua," alisema Florentine. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Hakuna mutu aliniambia."

Cyprien alikuwa anasafisha mikono kwa mazuti. Alikuwa amelijua jambo hilo la kuosha tanki tangu chupa ya kwanza. "Mimi nilijua," alisema. "Sikumwambia." Jacques aliwatazama wote wawili, akatikisa kichwa, akapanda lori lake. Wanawake wa ndizi walishangilia wakamsahau fundi.

Walirudi polepole. Mahali pa matope mengi Cyprien alishuka kwenye pikipiki yake, akamshika mke wake mkono mpaka upande wa pili.

Siku hizi dereva akinunua chupa ya kwanza, Florentine hampi mpaka apite kwanza kwa Cyprien kuoshewa tanki na kubadilishiwa chujio. Kazi hiyo ni chafu na haina heshima ya pompi. Fundi mmoja aliyefanya kazi naye miaka mingi ameondoka, amesema hakujifunza ufundi ili aoshe matanki. Pompi bado zinakuja, lakini chache, na nyingi zinafika mjini zikiwa bado zinatembea. Cyprien hajaenda njia ya Bafwasende tangu safari ya ndizi zile.

Madereva wapya hawajui jina lake. Wakifika Kabondo wanauliza, "Bwana ya Mama Florentine anaishi wapi?" Mwanzoni hakuitika. Sasa anaitika.