Kipimo cha Papa Bado

Mifereji ya kambi yetu ya wafanyakazi, hapa Kisangani, mwaka wa hamsini na sita, ni mimi niliyeichimba. Bon, nisiwadanganye kabla hamjanizoea: ilichimbwa na mume wangu Hemedi na watu wake watano. Mimi nilipika tu ndizi za kutwanga walizokula, na siku nyingine hata hizo ziliungua.

Hemedi alikuwa kapita, yaani mkubwa wa équipe, kile kikundi cha mifereji. Kazi hiyo ndiyo iliyotupa nyumba: vyumba viwili vya matofali, bati juu, jiko nyuma. Mutu akifukuzwa kazini, nyumba inabaki, yeye anatoka na mikeka yake kichwani. Donc maisha yetu yote yalisimama juu ya mgongo wa Hemedi, na mgongo wenyewe ulikuwa unauma.

Uliumizwa na mchanga. Mji wetu hauna bahari, lakini mchanga iko nao wa kugawia dunia nzima. Januari wanautoa mferejini, wanaurundika kando ya barabara. Magari yanapita, yanausambaza. Machi mvua inanyesha, inaurudisha palepale. Hemedi alikuwa akiutambua kama ndugu: "Huyu nilimutoa juzi, leo amerudi, na amenona." Mei ikatangazwa kwamba mgeni mkubwa anakuja. Équipe ikaacha mifereji wiki mbili, ikapaka chokaa mawe ya barabarani. Mgeni hakuja. Ilikuja mvua, ikaosha chokaa, ikajaza mchanga. Juni wakafyeka majani. Julai, mchanga tena.

Juu ya Hemedi alikuwepo surveillant, msimamizi wa kazi, Papa Wenceslas, mutu mweusi kama sisi, ila suruali yake ilipigwa pasi mpaka ingeweza kukata mkate. Yeye ndiye aliyemkabidhi Hemedi kijiti cha kipimo: kijiti cheupe chenye alama moja nyekundu. Kinasimamishwa ndani ya mfereji. Alama ikilingana na ukingo, watu wanaenda nyumbani. Ikibaki juu ya ukingo, Papa Wenceslas anasema neno moja tu: "Bado." Na majembe yanarudi chini. Tulimwita Papa Bado, nyuma yake bila shaka. Mbele yake tulimwita papa tu.

Mwezi wa nane Hemedi akarudi nyumbani, akashindwa kuinama kunawa miguu. Nikamnawisha mimi. Akaswali amekaa.

"Utaomba ruhusa?" nikamuuliza.

"Kapita mwenye mgongo mbaya, Asha, anaitwa mutu wa zamani."

Ijumaa alipokwenda msikitini, kijiti kilibaki nyuma ya mlango, kinanitazama. Nikachukua kisu changu cha samaki. Mti ule ulikuwa mgumu kama moyo wa mama mkwe, lakini hotuba ya Ijumaa nayo ilikuwa ndefu. Nikakata chini kipande cha upana wa kiganja, nikapaka tope pale penye jeraha, nikakirudisha. Kipande chenyewe sikuthubutu kukichoma. Rangi ikiungua inanuka, na jirani yangu Adèle alikuwa na pua ya kusikia chumvi ikiwekwa chunguni. Nikakificha chini ya kuni.

Wiki iliyofuata équipe ikaanza kumaliza kazi saa sita. Hemedi akarudi anaimba.

"Watu wangu wamekomaa," akaniambia. "Hata Papa Wenceslas ameshangaa."

"Na mgongo?"

"Mgongo gani?"

Évariste, mume wa Adèle, mmoja wa wale watano, alipita nyumbani kujisifu: "Mama Asha, mifereji sasa inatuogopa! Tukiigusa tu, inajichimba."

Mimi nikawaongezea ndizi.

Oktoba mvua ikapiga siku tatu bila kupumzika. Maji yakapanda ile mifereji iliyotuogopa, yakaingia kambini. Nyumba yetu ilikuwa mwisho wa mteremko, basi ikapata heshima ya kwanza. Asubuhi ya siku ya nne nilikuwa mlangoni kwa jiko napara samaki, maji yananifika kwenye kifundo cha mguu, nikamuona Papa Wenceslas anakuja, suruali ameikunja magotini.

Akaita équipe yote uani kwetu, akachukua kijiti, akakisimamisha kifuani pake.

"Siku nilipokitoa kilinifika kifungo cha pili," akasema. "Leo kinafika cha tatu. Ao mimi nimekua?"

Watu walikuwa wamechoka hata kuogopa.

"Labda mchwa, Papa," akasema Évariste.

"Mchwa wanakula kiganja kimoja, halafu wanashiba? Sikilizeni. Muzungu, mkubwa wangu wa kazi, ameshajua kijiti kimekatwa, na anafika saa nne. Anataka jina la mutu wa équipe aliyekata. Nikikosa jina, wote sita munatoka, kazi na nyumba." Akanigeukia. "Mama Asha, hiki kijiti kinalala kwako. Hukuona kitu?"

"Mimi? Kwa jina la Mungu, Papa, mambo ya mifereji ni ya wanaume."

Maji yale hayakuwa na adabu. Yaliinua kuni zangu moja moja, yakazitoa jikoni, zikapita katikati ya miguu yangu, na nyuma ya kuni hizo, taratibu kama bibi arusi, kikaja kipande cheupe. Kikaenda kugonga mguu wa Papa Wenceslas.

Akakiokota. Akakiweka chini ya kijiti. Vikashikana.

Hemedi akanitazama. Kitambo kidogo tu. Kisha akatoka mbele, mkono kiunoni.

"Ni mimi, Papa. Andika Hemedi. Nimekata peke yangu, watu wangu hawakujua."

"Umekata na nini?"

"Msumeno."

"Iko wapi huo msumeno?"

"Umepotea," akasema Hemedi, na wakati uleule Évariste, kwa kutaka kusaidia, akasema, "Iko kwangu."

Papa Wenceslas akapitisha kidole penye mkato. Palikuwa na meno meno, kama panya mia wamepagombania. Akavuta pumzi ya mutu ambaye hajalala siku tatu.

"Hemedi, hapa msumeno haujapita. Unanidanganya, na hujui hata kudanganya." Akainamisha kichwa. "Muzungu anataka mutu wa équipe. Mutu wa équipe aliyekata simuoni; nitamwambia hakuna, na hapa hatoki mutu. Mutachimba yote upya, mpaka alama, kuanzia mlango huu." Kisha akainua macho, polepole, mpaka kwangu. "Mama Asha, lete kile kisu."

"Kisu gani, Papa?" nikasema, nacho kiko mkononi, magamba ya samaki yanadondoka.